Kabla Hujamrushia Mtu Wimbo

Naimba besi katika kwaya ya watu 26, na kwa miaka mingi sasa mimi ndiye ninayetunza rekodi zetu. Nina diski ngumu mbili, bahasha ya makubaliano, na simu isiyomaliza wiki bila ujumbe wa aina hii: "Kaka, nirushie ule wimbo." Kwa muda mrefu nilirusha tu. Kubonyeza ni kazi ya sekunde moja, na kumnyima mtu wimbo anaoupenda kunauma.

Aliyenibadilisha ni mwalimu mmoja wa muziki. Tulikuwa tumerekodi nyimbo 9, mbili kati yake tungo zake. Mwenzetu mmoja akaziweka zote kwenye kundi la marafiki zake, kwa nia njema kabisa. Haukupita mwezi, zikaonekana kwenye tovuti ya kupakulia muziki ambayo hatukuwahi kuisikia. Majina ya nyimbo yamekosewa, na penye nafasi ya jina la msanii pameandikwa anwani ya tovuti hiyo. Mwalimu akanipigia. Habari ya fedha hakuigusa. Aliniuliza, "Jina langu mmelipeleka wapi?" Nilikosa jibu, maana hata kwenye mafaili ya awali, yale niliyoyaandaa kwa mkono wangu, jina lake halikuwemo. Ruhusa yake ya kuimba tulikuwa nayo. Ya kugawa hatukuwahi kuiomba.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na nauandika hapa jinsi ninavyoufuata. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo weka sheria ya hakimiliki ya nchi yako karibu. Nitakuonyesha cha kutafuta ndani yake.

Hesabu watu waliomo ndani ya faili

Chukua karatasi, andika mistari minne: nani alitunga sauti ya wimbo, nani aliandika maneno, nani alipanga sauti za waimbaji au vyombo, na nani alirekodi. Wimbo wa dakika tatu unaweza kuwa na wenye haki wanne wasiofahamiana. Tena huyo wa nne ana haki ya aina nyingine na wale watatu. Watunzi wanalindwa na hakimiliki. Waimbaji, wapigaji na aliyegharamia rekodi wanalindwa na hakishiriki, iliyopata mkataba wake wa kimataifa mjini Roma mwaka 1961. Ndiyo maana mtunzi akikuambia "sawa, gawa", bado hujamaliza: ameruhusu utungo wake, rekodi ina mwenyewe.

Wengi hudhani wimbo usiosajiliwa hauna mwenyewe. Wanakosea. Chini ya Mkataba wa Berne, ulioanzia mwaka 1886 na sasa unafuatwa na nchi nyingi mno duniani, haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Haihitaji kusajiliwa wala kuwekewa alama yoyote. Hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Katika sheria ya nchi yako, tafuta kwanza kifungu cha muda wa ulinzi. Usiridhike na namba ya kwanza utakayoiona, kwa sababu muda wa utungo ni mmoja na muda wa rekodi ni mwingine.

Hapo ndipo watu makini hujikwaa. Beethoven alifariki mwaka 1827. Simfonia zake ni miliki ya umma, mtu yeyote anaweza kuzipiga, kuzirekodi na kuzigawa. Lakini okestra iliyorekodi simfonia hizo miaka mitano iliyopita ina haki kamili juu ya rekodi ile, na kuirusha faili lake si sawa na kurusha Beethoven. Umoja wa Ulaya uliongeza muda wa ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 kwa agizo la mwaka 2011. Marekani walikwenda mbali zaidi: rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa tarehe 1 Januari 2022, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018. Za 1923 zikafuata Januari 2024, na za 1924 Januari 2025. Yaani santuri ya mwaka 1920 ilikaa imefungwa karne nzima, waimbaji wake wote wakiwa wameshazikwa. Kwangu mimi muda huo umepita kiasi, na nasema hivyo kila ninapopata nafasi. Hata hivyo, kabla ya kugawa rekodi ya zamani naangalia mwaka iliotoka, nchi iliyotoka, kisha nahesabu.

Ulipataje faili hilo?

Swali la pili ni njia faili lilivyofika kwako. CD uliyoinunua ni mali yako kama plastiki. Unaweza kuiuza, kuiazima, kuirithisha. Nyimbo zilizomo hukuzinunua. Kujinakilia kwenye simu yako mwenyewe ni jambo ambalo nchi zimelitazama kwa namna tofauti. Ujerumani tangu mwaka 1965 huruhusu nakala ya binafsi, na vifaa vya kunakilia hutozwa ada inayorudi kwa wasanii. Uingereza iliruhusu Oktoba 2014, na Julai 2015 mahakama ikaifuta ruhusa hiyo. Kwa hiyo kifungu cha pili cha kutafuta katika sheria yako ni kile cha matumizi binafsi. Soma kwa makini neno "binafsi": halimbebi shemeji yako, sembuse kundi la watu 200.

Nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu ya kusikilizia, ili uzisikie pasipo na mtandao, hazikuuzwa kwako. Zimefungwa kwa ufunguo unaokwisha na malipo yako ya mwezi. Kutumia programu nyingine kuzichomoa ni kuvunja makubaliano uliyoyakubali, na katika nchi nyingi ni kuvunja sheria pia, kwa kuwa mikataba ya kimataifa ya mwaka 1996 ilizitaka nchi zizuie uvunjaji wa kufuli za namna hiyo.

Na wimbo ambao msanii ameutoa bure kwenye ukurasa wake? Pakua, furahi. Lakini kupewa bure si kuruhusiwa kuugawa. Labda anahesabu waliopakua ili aonyeshe waandaaji wa tamasha. Labda anakusanya barua pepe. Ukimpelekea mwenzio faili badala ya ukurasa, unamkata msanii mkono aliokunyoshea.

Kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno kutoka kwa watu wazuri. "Sekunde 30 zinaruhusiwa." Hakuna kanuni ya jumla ya namna hiyo, mahakama hupima ni sehemu gani ya wimbo iliyochukuliwa na kwa kusudi gani, na kiitikio kimoja kinaweza kuwa ndio moyo wa wimbo. "Sikuingiza hata senti." Kutokuingiza fedha kunaweza kupunguza uzito wa kosa, hakulifuti. "Niliandika chini kwamba wimbo si wangu." Hapo umekiri kwamba ulijua. "Nilifuta baada ya saa 24." Waliopakua ndani ya saa hizo 24 hawakufuta.

Torenti: ukipokea, unatoa

Hili nalieleza polepole kwa sababu vijana wetu wawili wa sauti ya tenor walinibishia usiku mzima kwamba wao "wanapakua tu".

Napster, huduma ya kupeana nyimbo mtandaoni, ilipotokea mwaka 1999, mafaili yalikaa kwenye kompyuta za watumiaji wenyewe na kampuni ilitunza orodha ya nani ana nini. Kwa sababu orodha ilikuwa mikononi mwake, mahakama za Marekani ziliishika kampuni, na kufikia Julai 2001 huduma ilikuwa imezimwa. Mwaka huohuo mtengenezaji programu Bram Cohen akatoa BitTorrent, ndiyo torenti yenyewe, inayofanya kazi kwa mtindo mwingine. Faili hukatwa vipande vidogo. Kompyuta yako ikishapokea kipande cha kwanza, huanza kuwapa wengine kipande hicho huku ikiendelea kutafuta vilivyobaki. Ukifungua programu yenyewe utaona safu mbili za kasi, moja ya kushuka na moja ya kupanda. Ile ya kupanda ndiyo wewe unayegawa, kwa watu usiowajua, na anwani yako ya mtandao inaonekana kwa kila aliyemo.

Torenti yenyewe si haramu. Kuna wasanii wanaotoa kazi zao kwa njia hiyo kwa hiari yao. Ninachokuomba ni ufahamu kwamba sheria hukaza macho zaidi kwa anayesambaza. Mama mmoja wa Minnesota alishtakiwa kwa nyimbo 24 alizodaiwa kuzigawa mtandaoni. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama lilimtoza dola 222,000. Kesi ikarudiwa mwaka 2009, ikawa dola milioni 1.92. Ikarudiwa tena mwaka 2010, dola milioni 1.5. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikairudisha kwenye dola 222,000, sawa na dola 9,250 kwa kila wimbo. Naiona hukumu ile kuwa ya kikatili, na sikuisimulia ili kukutisha. Nakusimulia kwa sababu nyimbo 24 ni chache kuliko zilizomo kwenye folda moja ya wale vijana wetu wawili.

Je, ni wizi?

Neno hili hutumiwa ovyo na pande zote mbili, kwa hiyo nasimama kidogo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimshughulikia mtu aliyesafirisha santuri za Elvis Presley zilizotengenezwa bila kibali. Ilisema santuri zile haziwezi kuhesabiwa kuwa mali ya wizi chini ya sheria ya mali za wizi, kwa kuwa anayekiuka hakimiliki hamwondolei mwenyewe kitu chake jinsi mwizi wa kawaida anavyofanya. Nakubaliana nao. Ukininakilia wimbo, wimbo wangu bado ninao.

Lakini kuna kitu umekiondoa. Mtunzi ana haki ya kusema kazi yake iende wapi, lini, ikiwa na jina la nani, na ikiwa katika hali gani. Mwalimu wetu alikuwa hataki toleo lile lisikike kabisa, kwa sababu sisi besi tuliteleza nusu sauti kwenye ubeti wa tatu na alikuwa ameomba turekodi upya. Hakuna mahakama inayoweza kukirudisha kitu hicho faili likishasambaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya mtunzi huanza kwa kuulizwa.

Wapo wanaosema msanii tajiri haumii. Sijawahi kuiona hoja hiyo ikikomea kwa matajiri. Anayezoea kutokuuliza kwa wimbo wa mtu maarufu haulizi hata kwa wimbo wa kwaya ya jirani.

Kiungo kwanza

Sasa mtu amekuandikia, anataka wimbo. Katika maombi kumi, manane nayamaliza kwa kutuma kiungo. Natafuta mahali mwenye wimbo alipouweka mwenyewe: ukurasa wake, duka la muziki, chaneli yake. Nahakikisha ni kwake kwa kulinganisha jina la chaneli na kiungo kilichopo kwenye ukurasa wake mwingine, na kwa kusoma maelezo chini ya wimbo, maana chaneli halali kwa kawaida hutaja mtunzi na aliyetoa rekodi. Ile yenye picha ya kubandika, jina la wimbo lenye makosa na nyimbo za wasanii mia tofauti, naiacha.

Mwenye mtandao hafifu kweli, ambaye kiungo hakimfai, mnunulie. Maduka mengine, Bandcamp ikiwemo, yana njia ya kununua albamu kama zawadi, na yeye hupakua faili lake halali mara moja na kulitunza.

Mafaili ya mazoezi ni jambo jingine. Tunarekodi kila sauti peke yake ili waimbaji wajifunze nyumbani. Hayo nayaweka kwenye folda ya mtandaoni inayofunguka kwa barua pepe za waimbaji 26 tu, kupakua kumezimwa panapowezekana, na nimeandika kwenye kalenda tarehe ya kuifunga. Na hata hayo, mtunzi anajua yapo.

Leseni zilizo wazi, na herufi ambayo watu hawaisomi

Kuna muziki ambao mwenyewe amekwisha kukujibu kabla hujamuuliza. Shirika la Creative Commons, linaloandaa leseni za wenye kazi kuruhusu wengine waitumie, lilianzishwa mwaka 2001 na leseni zake za kwanza zikatoka Desemba 2002. Herufi zake zisome hivi: BY, mtaje mwenyewe. NC, usifanyie biashara. ND, usiibadilishe. SA, ukiibadilisha, toa kazi yako kwa leseni ileile. Kugawa faili lenyewe, lilivyo, bila fedha, kunaruhusiwa na leseni zao zote hizi, mradi umtaje mwenyewe. Muziki wa namna hii utaupata kwenye tovuti za Free Music Archive na Internet Archive. Kwa rekodi za muziki wa kale zilizo huru, kuna Musopen.

Herufi inayowaponza watu ni ND. Wanaichukua kuwa inakataza kuremiksi tu, kisha wanaweka wimbo chini ya video ya harusi na kuitangaza. Leseni hizo zinasema wazi kwamba kuupatanisha muziki na picha zinazotembea ni kuubadilisha. Wimbo wenye ND hauwekwi kwenye video ya kutangazwa bila ruhusa ya ziada.

Unapomtaja mwenyewe, toa mambo manne: jina la wimbo, jina lake, mahali ulipoupata, na leseni pamoja na kiungo chake. Piga picha ya skrini ya ukurasa wenye leseni siku unayopakua. Msanii anaweza kuacha kutoa kazi yake kwa leseni hiyo kesho. Wewe uliyeipata leo unabaki na ruhusa yako, ila utahitaji kuionyesha. Na angalia kama aliyeupandisha wimbo ndiye mwenyewe kweli. Mtu hawezi kukupa leseni ya kitu kisicho chake.

Namna ya kuomba

Barua ndefu huogopesha. Hii ndiyo niliyomwandikia yule mwalimu, baada ya kumwomba radhi kwa simu:

"Mwalimu, habari za kazi. Ni mimi mtunza rekodi wa kwaya. Tunaomba ruhusa yako tuweke rekodi mpya ya nyimbo zako mbili kwenye ukurasa wetu, mtu yeyote aweze kusikiliza na kupakua bila malipo. Jina lako litaandikwa kama mtunzi ndani ya faili na kwenye ukurasa. Hatutaziuza wala kuziweka kwenye tangazo bila kukuuliza tena. Ukitaka ziondolewe, tutaziondoa ndani ya siku 7. Tafadhali jibu kwa maandishi, hata neno moja."

Wimbo gani, wapi, kwa nani, kwa fedha au bure, na mlango wa kutokea. Akikaa kimya, ukimya wake si kibali. Mkumbushe mara moja, kisha acha. Akijibu, hifadhi jibu ndani ya folda ileile ya wimbo, kwa sababu simu hupotea.

Muziki usiouzwa tena popote

Hapa sina njia nyepesi ya kukupa. Nilipewa kaseti ya bendi iliyovunjika zamani, haipo dukani, haipo mtandaoni, na utepe wake ulikuwa umeanza kukatika. Nikaihamishia kwenye kompyuta usiku huohuo, na sijutii. Kuigawa nikajizuia. Nilimtafuta kila ambaye jina lake liko kwenye kasha. Ilichukua miezi 11 kumpata mpiga gitaa, naye akafurahi hadi sauti ikamkatika. Akaruhusu sehemu yake, akaniambia mtunzi amefariki na haki ziko kwa binti yake. Binti alikubali nyimbo nne na kukataa wa tano, alioniambia baba yake aliutunga katika msiba wa familia. Nyimbo nne zikatoka. Wa tano uko kwenye diski yangu, nao hautoki. Ningeuweka wote siku ile ya kwanza, ningemfungulia binti yule kidonda bila hata kujua.

Muziki wako mwenyewe

Jaza taarifa ndani ya faili kabla halijatoka mikononi mwako. Programu za bure kama MusicBrainz Picard na Kid3 zinakutosha. Andika jina la wimbo, waimbaji, mtunzi, mpangaji wa sauti, mwaka, na kwenye nafasi ya maoni weka leseni na anwani ya kuwasiliana. Kama rekodi inatolewa rasmi, iombee namba ya ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, inayotambulisha rekodi hiyo moja tu. Ukituma kwa programu ya ujumbe, itume kama hati, jina la faili lisibadilike.

Kisha tunza mafaili ghafi ya studio, yale ya kila kinasa sauti peke yake, pamoja na makubaliano yaliyosainiwa na waimbaji wote. Mtu tusiyemjua aliwahi kuisajili rekodi yetu kwa msambazaji wa muziki mtandaoni kana kwamba ni yake, na tulipoiweka sisi mtandaoni, mfumo wa tovuti wa kutambua nyimbo ukatuambia tumechukua mali ya mtu. Wiki sita tulibishana na majibu ya mashine. Kilichotuokoa ni faili ghafi la sauti ya alto lenye kikohozi katikati, pamoja na tarehe zake. Yule mtu hakuwa nalo na asingeweza kulipata.

Ikiwa umekwisha kurusha

Futa ulikoweka. Waandikie wale uliowapelekea, uwaombe wafute, uwape kiungo halali. Mwambie mwenye wimbo kabla hajagundua mwenyewe. Kama kazi yako ndiyo iliyorushwa, tafuta kwenye tovuti fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliweka utaratibu ambao tovuti huondoa kazi ikipokea taarifa sahihi, na tovuti nyingi za nje ya nchi hiyo huufuata pia. Jaza ukweli mtupu, maana aliyeshtakiwa naye ana nafasi ya kujibu.

Sisi tulirekodi upya zile nyimbo mbili, ubeti wa tatu ukiwa umekaa sawa, tukazituma kwa watu wale wale 40 wa kundi lile pamoja na maelezo ya kilichotokea. Mwezi uliofuata mwalimu alituletea utungo mpya. Juu ya karatasi ya nota, kabla ya mstari wa kwanza wa soprano, aliandika kwa mkono wake: "Kuimba, ruhusa. Kurekodi, ruhusa. Kugawa, nipigieni kwanza."